Umesema, hawajakuelewa: kutafuta kosa lilipo katika Kivietnamu chako

Unasimama mbele ya muuzaji, unatamka neno ulilolirudia wiki nzima, naye anakutazama tu. Unarudia kwa sauti kubwa zaidi. Bado. Mwenzako Mvietnamu anasema neno lilelile, au angalau masikio yako yanasikia lilelile, na kinywaji kinaletwa. Wengi hukata tamaa hapo. Lakini kosa linaweza kuwa mahali pengi, na ukihangaika nalo pasipo lilipo utafanya mazoezi miezi mingi bila kusogea.

Nimeishi Hanoi miaka kadhaa, na vitabu vyote nilivyojifunzia viliandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza. Vinatumia kurasa nyingi kufundisha sauti ambazo sisi tunazo tangu utotoni, na vinanyamaza juu ya makosa ambayo Kiswahili chetu ndicho kinachotusababishia. Kwa hiyo nimeandika haya kwa kufuata dalili, kama fundi anavyofanya kabla ya kufungua injini.

Kwanza, pima

Neno likikataliwa, usilirudie mara ya tatu. Liandike kwenye simu pamoja na alama zake zote, umwonyeshe mtu huyo. Akisoma na kuelewa mara moja, neno ni sahihi na kosa liko mdomoni mwako. Akisoma na bado akashangaa, neno lenyewe si la mahali hapo, au si la jambo unalotaka. Akielewa lakini akakunja uso, tazama umemwitaje. Karibu kila tatizo lililo hapa chini linaangukia katika moja ya hayo matatu.

Kipimo cha pili: weka kibodi ya simu katika Kivietnamu, bonyeza maikrofoni, kisha sema sentensi fupi. Simu itaandika ilichosikia, si ulichokusudia. Sema *nước dừa*, maji ya madafu. Ikiandika *nước dứa*, umeagiza juisi ya nanasi.

Wanaelewa nikiandika, hawaelewi nikisema

Toni. Kivietnamu cha Hanoi kina toni sita, na toni ni sehemu ya neno kama ilivyo herufi. *Ma* ni mzimu, *mà* ni "lakini", *má* ni shavu (na kusini ni mama), *mả* ni kaburi, *mã* ni farasi katika maneno yenye asili ya Kichina, *mạ* ni mche wa mpunga. Neno lisilo na alama husemwa juu kiasi na tambarare. Alama ya *huyền* (à) hushuka taratibu kama mtu anayeshusha pumzi. *Sắc* (á) hupanda. *Hỏi* (ả) hushuka na kuinuka kidogo, ingawa mitaani Hanoi mara nyingi hushuka tu. *Nặng* (ạ) ni fupi, hudondoka na kukatwa kooni. *Ngã* (ã) hupanda huku ikivunjika katikati, na hiyo unaijua tayari: ni koo lile linalojifunga tunapokataa kwa kusema "a'a".

Kujua toni sita si kazi kubwa. Kinachotuangusha ni tabia mbili za Kiswahili ambazo hatuzisikii kwa sababu tumezaliwa nazo.

Ya kwanza ni mkazo. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, tunaivuta na kuiinua, kisha ya mwisho inaanguka: ki-TA-bu, na-TA-ka, Za-nzi-BA-ri. Mswahili akisema *tầng ba*, ghorofa ya tatu kwa hesabu yao, huinua *tầng* na kuiacha *ba* ianguke, na ikianguka imekuwa *bà*, bibi. Yaani toni zote mbili zimeharibika kwa pigo moja. *Sài Gòn*, ambayo silabi zake zote mbili hushuka sawa, tunaisema kama "SAAI-goni". Ukitaka kujua kama ndivyo ulivyo, jirekodi ukisema maneno kumi ya silabi mbili. Ikiwa yote yana wimbo mmoja, huo wimbo ni wa Kiswahili.

Ya pili ni kiimbo cha kuuliza. "Umekula?" na "Umekula." zinatofautiana kwa sauti tu. Kwao sauti imeshakwisha kazi kwenye toni, na swali huonyeshwa kwa neno, kama *không* mwishoni. Ukiuliza bei, *bao nhiêu tiền*, halafu ukapandisha sauti mwishoni kama tulivyozoea, *tiền* (pesa) imegeuka *tiến* (kusonga mbele). Swali liulize kwa wimbo uleule unaotumia kutoa taarifa. Mwanzoni utajiona kama unalazimisha, lakini wao watasikia swali la kawaida.

Zoezi lililonisaidia kuliko yote: funga mdomo, imba wimbo wa neno kwa "mmm" mpaka msikilizaji akubali wimbo huo, kisha ndipo utie konsonanti na irabu. Na kama lugha ya nyumbani kwenu ni Kirundi, Kinyarwanda, Kilingala au Kigikuyu, anzia huko. Sikio lako linajua tayari kwamba kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana. Aliyekulia kwenye Kiswahili peke yake ndiye anayeanza upya.

Jambo moja la kukupunguzia mzigo: silabi inayoishia kwa p, t, c au ch inaweza kubeba *sắc* au *nặng* tu. Badala ya kubahatisha kati ya sita unabahatisha kati ya mbili.

Toni ni sahihi, bado wanashangaa

Basi ni irabu. Sisi tuna tano, wao wana herufi za irabu kumi na mbili. Mfano ulio karibu ni *phở*. Watu huhangaika na toni yake na huku kosa ni *o*. Hiyo *ơ* yenye mkia husemwa bila kuviringa midomo. Ukiviringa midomo unaelekea *phố*, mtaa. Vivyo hivyo *bò* ni ng'ombe, *bố* ni baba (kaskazini), *bơ* ni siagi na pia parachichi.

Kwa *ơ*, sema "o" yetu, kisha ukiwa unaendelea kuisema, legeza midomo mpaka ilale. Kwa *ư*, fanya hivyohivyo ukianza na "u": midomo inanyooka kama ya mtu anayetabasamu kidogo, ulimi unabaki nyuma. Hapo utatenganisha *thu*, majira ya kupukutika majani, na *thư*, barua. *E* na *ê*, *o* na *ô* ni jozi nyingine. Zenye kofia husemwa mdomo ukiwa umefungwa zaidi. Usizikimbilie kabla *ơ* na *ư* hazijakaa.

Wanaelewa nusu ya maneno yangu

Hesabu ni maneno gani. Ikiwa yanayopotea yanaishia kwa konsonanti, unawaongezea irabu. Kiswahili hupenda kufunga neno kwa irabu, kwa hiyo *một* (moja) inakuwa "moti" na *sách* (kitabu) inakuwa "sachi". Kwao hizo ni silabi mbili, na silabi mbili ni jambo jingine kabisa. Mwisho wa *một* ulimi hugusa ufizi na kubaki pale. Usiuachie. Na baada ya o, ô na u, c na ng za mwisho hufungwa kwa midomo pia: tazama mdomo wa mtu anayesema *không* au *học*, utaona midomo ikikutana na mashavu yakijaa.

Ikiwa kosa liko kwenye konsonanti ya mwanzo wa neno, kagua herufi tatu. *Đ* yenye mstari ni d ya "dada". *D* isiyo na mstari ni z Hanoi na y kusini. *Th* si th ya "thamani", ni t yenye pumzi. Mswahili wa pwani anayetenganisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi ya p anaijua pumzi hiyo.

Zilizobaki ni zawadi yetu. *Ng* ya mwanzo ni ng' ya ng'ombe, kwa hiyo jina Nguyễn, ambalo Wazungu hulipigania miaka, tunalianza bila shida. *Nh* ni ny ya nyumba. *Kh* ni ya kheri, *g* na *gh* ni gh ya ghali. Hata b na đ, ambazo wao huzivuta kidogo kwa ndani, ndivyo Waswahili wengi wanavyosema "baba" na "dada". Usipoteze jioni hata moja kwa kurasa hizo.

Bei siielewi, ingawa nambari nimezikariri

Umekariri nambari za darasani. Sokoni elfu haitajwi. *Ba lăm* ni 35, yaani dong 35,000. *Trăm hai* ni 120,000. *Trăm rưỡi* ni 150,000, kwa kuwa *rưỡi* ni nusu ya kile kilichotangulia. Tena nambari hubadilika zikiungana: *năm* (tano) huwa *lăm* katika 15, 25, 35, *một* huwa *mốt* katika 21, 31, *mười* (kumi) hupoteza alama na kuwa *mươi* katika 20 na kuendelea. Ukisema *mười năm* ukikusudia 15 umesema miaka kumi.

Nyumba nazo: Hanoi *tầng một* ndiyo ya chini kabisa, kwa hiyo *tầng ba* yao ni ghorofa ya pili kwetu. Na unapolipa, tazama noti. Ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za rangi ya samawati, na jioni zinafanana.

Wanaelewa, lakini wananiitikia kwa ubaridi

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, na hapa ndipo Mswahili ana faida ambayo hakuna kitabu kilichoniambia.

Darasani hufundishwa *tôi* kuwa "mimi" na *bạn* kuwa "wewe". Ni sahihi, na mitaani ni baridi. Kivietnamu hakina "wewe" ya kila mtu. Kina kaka (*anh*), dada (*chị*), mdogo wangu (*em*), shangazi (*cô*), baba mdogo (*chú*), aliyewazidi umri wazazi wako (*bác*), babu (*ông*), bibi (*bà*). Na neno hilo halimtaji yeye tu, linakutaja wewe pia. Kwa dada unajiita *em*: *Em cảm ơn chị*, mdogo anamshukuru dada. Kwa bibi unajiita *cháu*, mjukuu, au *con*, mwana, ukiwa kusini. Mzungu huona hilo kama hesabu ngumu. Wewe fikiria mama anavyomwambia mwanawe "njoo kwa mama, mama akupe". Amejiita kwa cheo chake cha ukoo, bila "mimi" wala "wewe". Lugha yao nzima huzungumzwa hivyo.

Bibi mmoja anayeuza chai ya barafu kando ya barabara karibu na nilipopanga alikuwa akinipa glasi bila kunitazama, kwa miezi. Nilikuwa nikimwambia *xin chào*, salamu ya kwenye vitabu. Siku nilipomwambia *cháu chào bà ạ* aliniuliza kwetu ni wapi, wazazi wangu wako hai, nimekula. Hiyo *ạ* ya mwisho ni heshima. Bila hiyo salamu kwa mkubwa inasikika kavu, kama kumpita mzee asubuhi bila shikamoo.

Kwa hiyo wakikuuliza umri dakika ya kwanza, au mwaka uliozaliwa (*sinh năm bao nhiêu*), hawakupekui. Wanatafuta wakuiteje. Jibu, kisha uliza nawe. Ukiwa na shaka, mpandishe mtu cheo hatua moja, ila usimwite *bà* mwanamke wa makamo: hapo *cô* au *chị* ni salama zaidi. Kumwita mhudumu, ni *em ơi* akiwa mdogo wako, *chị ơi* au *anh ơi* akikuzidi. Hiyo *ơi* hufuata jina kama tunavyosema "mama ee".

Walisema ndiyo, halafu hakikufanyika kitu

Walisema *dạ*. *Dạ* si ndiyo. Ni "naam" au "abee" ya mtu aliyeitwa: nimesikia, nipo. Kaskazini *vâng* inakaribia zaidi kukubali, lakini kukubali kwenyewe mara nyingi hufanywa kwa kurudia neno la swali. Ukiuliza *có cà phê không*, ipo kahawa, jibu ni *có*. Ukiuliza kama inawezekana, *được không*, jibu ni *được*. Usitosheke mpaka umesikia neno lako likirudi.

Na wewe ukijibu, chunga *chưa*. Ni "bado" yetu, sawasawa. *Ăn cơm chưa*, umekula au bado? *Có gia đình chưa*, una familia au bado? Ukijibu *không*, hapana, inasikika kana kwamba umeapa kutooa maisha. Jibu *chưa*, au *rồi*, tayari. Msemaji wa Kiingereza hufundishwa jambo hili kwa somo zima, nawe unahitaji kuambiwa mara moja tu.

Nimesema sili nguruwe, nimeletewa nguruwe

Hili ni zito kwa wengi wetu, na kosa si la matamshi. *Thịt* ni nyama kwa jumla, lakini kwenye vyakula vingi vya barabarani, kama mkate wa *bánh mì thịt*, ikitajwa bila mnyama huwa nguruwe. Ukisema *không thịt* watatoa vipande vya nyama na kuacha supu iliyochemshwa kwa mifupa, mafuta ya kukaangia, na *giò* au *chả*, ambazo kwa kawaida ni nguruwe iliyosagwa na ambazo wengi hawazihesabu kama nyama.

Taja mnyama, tena kwa neno la mahali ulipo: *thịt lợn* kaskazini, *thịt heo* kusini. Kisha taja supu, *nước dùng* (kusini *nước lèo*), na mafuta, *mỡ*. Sentensi inayonifaa ni *Em theo đạo Hồi, em không ăn thịt lợn, cả nước dùng, cả mỡ*: nafuata Uislamu, sili nguruwe, hata supu yake, hata mafuta yake. Ukikosa uhakika, tafuta neno *chay* kwenye kibao. Huko hapapikwi nyama. Mwenye mzio wa karanga naye akariri majina mawili, *lạc* ya kaskazini na *đậu phộng* ya kusini.

Kamusi inanipa upuuzi

Ama umeandika bila alama, ama umekata neno. Kivietnamu huacha nafasi kila baada ya silabi, si baada ya neno. *Sân* ni uwanja, *bay* ni kuruka. *Sân bay* ni uwanja wa ndege. *Xe* ni chombo cha magurudumu, *ôm* ni kukumbatia. *Xe ôm* ni bodaboda. Tafuta silabi mbilimbili kwanza. Kuandika alama, washa mfumo wa Telex kwenye simu: s huleta *sắc*, f *huyền*, r *hỏi*, x *ngã*, j *nặng*, na dd huleta đ. Siku mbili vidole vitazoea.

Hanoi nilielewana nao, Saigon nimekuwa mgeni

Hujasahau kitu. Kusini *hỏi* na *ngã* huungana, toni zinabaki tano. D, gi na mara nyingi hata v husemwa y, kwa hiyo *về*, kurudi, inasikika "yề". N ya mwisho huelekea ng, t ya mwisho huelekea k. Maneno nayo hubadilika: kijiko ni *thìa* kaskazini, *muỗng* kusini, nanasi ni *dứa* kaskazini, *thơm* kusini, ghali ni *đắt* kaskazini, *mắc* kusini. Neno la kuogopa zaidi ni *ốm*: Hanoi ni mgonjwa, Saigon ni mwembamba, kwa hiyo ukiwa hospitali kusini sema *bệnh*. Katikati, Huế, hata maneno ya kuuliza ni mengine: wapi ni *mô* badala ya *đâu*, vipi ni *răng* badala ya *sao*.

Chagua lahaja moja ya kusema, ile ya mahali unapolala, na nyingine uzisikilize tu. Aliyechanganya sauti za kaskazini na maneno ya kusini humchosha kila msikilizaji. Mfanyabiashara wa korosho anayekwenda viwanda vya kusini, katika eneo lililokuwa mkoa wa Bình Phước, asinunue kozi ya Hanoi kwa sababu tu ndiyo aliyoiona kwanza.

Kila nikianza, wananijibu kwa Kiingereza

Mara nyingi ni ukarimu, na hutokea zaidi kwenye mitaa ya watalii. Ondoka huko. Kinyozi, mama wa uji wa asubuhi, dereva wa *xe ôm* anayesubiri abiria kwenye kona: hawa wana muda, na wengi hawana Kiingereza cha kukukimbilia. Kwa kijana anayekiongea, mwombe waziwazi: *em nói tiếng Việt với anh nhé*, zungumza nami Kivietnamu, sawa? Akiwa amekuzidi umri, geuza: *anh nói tiếng Việt với em nhé*. Au *chị*, kama ni dada.